Sleti, Perkins, laptopu au simu: kifaa kipi kimfae mwanafunzi asiyeona?

Novemba moja, malipo ya korosho yakiwa yameanza kutoka, baba mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya kitengo chetu cha wanafunzi wasioona akiwa na binti yake, akaja moja kwa moja mezani kwangu. "Mwalimu, safari hii Mungu kajalia. Nimetenga milioni moja na laki mbili za huyu mtoto. Nimnunulie ile mashine ya chuma au kompyuta inayoongea? Huko mjini wananiambia mashine imeshapitwa na wakati." Binti mwenyewe alikuwa darasa la tatu, haoni tangu kuzaliwa. Tulipokuwa tukiongea alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapapasa kingo za karatasi nilizokuwa nimezipanga pembeni, kama anayetafuta kilichoandikwa juu yake.

Swali la baba yule nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kufundisha wanafunzi wasioona. Wazazi huniuliza, walimu wakuu huniuliza, na maofisa elimu hupiga simu bajeti inapokaribia kufungwa. Kila mara huulizwa kama swali la kifaa: kipi bora? Nami kila mara huanza na mtoto, kwa sababu kifaa kinachomfungulia mtoto mmoja mlango humwacha mwenzake nje.

Yule baba nilimuuliza mambo matatu. La kwanza, je, anaona chochote, hata mwanga au kivuli cha mkono? La pili, kwa sasa anaandika nini, na anaandikia nini? La tatu, ambalo lilimfanya anyamaze kidogo: nani atakayesoma anachoandika? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayoamua, na vifaa ninavyovilinganisha hapa nimevipima kwa maswali hayo hayo.

Sleti na stailasi

Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote. Sleti ni fremu ya bati au plastiki yenye safu za madirisha madogo, na kila dirisha ni chumba kimoja cha nukta sita za nukta nundu (breli), maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa kidole: nukta 1, 2 na 3 ziko kushoto toka juu kwenda chini, na 4, 5 na 6 kulia. Karatasi nene hubanwa katikati ya fremu, kisha stailasi, ambayo ni kijiti kifupi cha chuma chenye mpini wa mviringo, hubonyeza nukta moja baada ya nyingine. Bei yake ni kama ya jozi ya viatu vya shule. Inaingia kwenye begi, haipigi kelele, haihitaji umeme, na ikianguka sakafuni unaiokota na kuendelea.

Tabu yake iko kwenye mkono. Kwa kuwa nukta hubonyezwa kutokea nyuma ya karatasi, mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kila herufi basi huandikwa ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Herufi d ni nukta 1, 4 na 5, lakini kwenye sleti mkono huifanya kama f. Herufi e huandikwa kama i, na r kama w. Mtoto wa miaka saba ambaye kidole chake ndiyo kwanza kinajifunza kuitambua d, mkono wake ukitakiwa kuiandika kama f, amebebeshwa mizigo miwili kwa mpigo. Nimeona watoto wenye akili nyingi wakionekana wazito wa kusoma kwa sababu walianzishwa kwenye sleti peke yake. Tena hata wakikosea, hawawezi kujua mpaka karatasi itolewe na kugeuzwa.

Lakini mtoto akishaizoea, sleti humtumikia maisha yote. Mwanafunzi wa sekondari huiandikia namba ya simu, orodha ya vitu vya bweni, lebo ya chupa ya dawa. Mimi huipa nafasi ya daftari la mfukoni. Kazi ya kumfundisha mtoto kusoma na kuandika sitaiachia sleti nikiwa na njia nyingine.

Mashine ya Perkins

Hii ndiyo ile "mashine ya chuma". Iliundwa na David Abraham katika shule ya wasioona ya Perkins, Watertown, Massachusetts, na ikaanza kutolewa mwaka 1951. Umbo lake limebadilika kidogo sana tangu hapo, na mimi sioni hilo kama aibu. Jembe nalo halijabadilika sana.

Ina vibonye tisa. Katikati kuna kirefu cha nafasi. Kushoto kwake kuna vitatu vya nukta 1, 2 na 3, kulia vitatu vya nukta 4, 5 na 6, na kwenye ncha mbili kuna cha kushusha mstari na cha kurudi nyuma. Utamu wake ni kwamba nukta zote za herufi moja hubonyezwa kwa pamoja. Herufi m ni nukta 1, 3 na 4. Herufi a ni nukta 1 peke yake. Kwa hiyo neno la kwanza ninalowafundisha huenda hivi: vidole vitatu, kidole kimoja, vidole vitatu, kidole kimoja. Mama. Kisha mtoto hupeleka kidole juu ya karatasi, ikiwa bado iko ndani ya mashine, na analikuta neno limekaa sawa, kushoto kwenda kulia, kama litakavyosomwa. Akikosea anakujua alikokosea papo hapo. Uso wa mtoto anayeligusa neno alilolitoa mwenyewe ndio ulionifanya nibaki katika kazi hii.

Mstari mmoja hubeba vyumba 42 hivi, na ukikaribia mwisho kengele hulia. Haihitaji umeme hata kidogo, jambo ambalo kwa shule nyingi za vijijini humaliza mjadala.

Sasa gharama. Mashine mpya huzidi dola 700 kwa bei ya dukani Marekani. Kwa fedha yetu inakaribia shilingi milioni 2 kabla ya usafiri, ingawa shule na mashirika mara nyingine huipata kwa bei ya punguzo. Ina uzito wa karibu kilo 5, na mtoto wa darasa la pili hawezi kuibeba kutoka bwenini hadi darasani peke yake. Inapiga kelele. Katika darasa jumuishi, wanafunzi wenzake hulalamika wiki ya kwanza, wiki ya tatu hawaisikii tena, ila mwalimu anayelisoma imla lazima ajifunze kusubiri. Karatasi zake ni nene na za gharama kuliko za kawaida, na kitabu kimoja cha maandishi ya kawaida kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa yanayojaza rafu.

Na inahitaji matunzo. Shule moja niliyoitembelea walikuwa na mashine sita, zinazofanya kazi mbili. Nyingine vibonye vilikuwa vimeganda. Nilipoifungua mojawapo nikakuta mtu mwenye nia njema ameitia mafuta ya kupikia, yakashikana na vumbi yakawa kama gundi. Ukinunua Perkins, nunua na kifuniko chake, na kabla hujalipa ulizia fundi yuko wapi. Mafundi wanaoijua kweli ni wachache, na mashine iliyoharibika mwezi wa tatu inaweza kukaa kabatini hadi mtoto ahitimu.

Pamoja na yote hayo, kwa mtoto aliyezaliwa haoni, chaguo langu la kwanza ni Perkins, na sitalibadilisha kwa sababu laptopu imeshuka bei. Nitaeleza kwa nini, maana hapa ndipo ninapobishana na watu wengi.

Kusikiliza na kusoma ni vitu viwili. Watu husema Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akisikiliza atajua kuandika. Mfundishe hivyo miaka minne kisha msome. Atakuandikia "inchi yetu" akimaanisha nchi, "kwasababu" kama neno moja, "ngombe" bila ritifaa yake ('), na kama nyumbani kwao h humezwa, ataandika "apa" na "uyu". Hajawahi kuligusa neno, ameliota tu masikioni. Akifika sekondari, ambako huku kwetu masomo hufundishwa kwa Kiingereza, mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa maneno ya lugha ile hayaandikwi yanavyosikika hata kidogo. Mtoto anayeona hukutana na tahajia kila anapotazama ubao, mfuko wa sukari, bango la barabarani. Asiyeona hukutana nayo kwenye ncha ya kidole tu. Tukimnyima nukta nundu tumemnyima kusoma kwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umelitaja jambo hili waziwazi katika ibara ya 24: kujifunza nukta nundu kurahisishwe.

Kuna na sababu ya karibu zaidi. Karatasi ya mtihani wa taifa kwa mtahiniwa asiyeona huandaliwa kwa nukta nundu, na Baraza la Mitihani humwongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Muda huo ni wa mtu anayesoma kwa kidole kwa kasi. Aliyesikiliza rekodi miaka yote, dakika hizo zote humwishia kwenye swali la tano.

Laptopu yenye kisoma skrini

Kisoma skrini ni programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye kompyuta: maandishi, menyu, herufi unayoandika. Inayojulikana zaidi kwetu kwa sasa ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia ambaye mwenyewe haoni. Ni ya bure kabisa, na unaweza kuiweka kwenye flashi ukaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows bila kuisakinisha. Kwa shule ambayo wasioona wanatumia chumba kimoja cha kompyuta na wenzao, flashi hiyo peke yake ni ukombozi. Mpinzani wake wa siku nyingi ni JAWS, iliyotoka mwaka 1989. Ni programu imara, lakini ni ya kulipia, na bila leseni hufanya kazi dakika 40 kisha unalazimika kuiwasha kompyuta upya. Sijaona sababu ya mzazi kuinunua leo. Ofisi au chuo chenye mifumo yake maalumu huenda wakawa na sababu.

NVDA huja na sauti ya eSpeak, inayojua Kiswahili. Si sauti tamu. Ni kavu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mgeni akiisikia hutaka kuizima. Wanafunzi wangu huizoea ndani ya wiki mbili, na baada ya mwaka huiongeza kasi hadi mimi siambulii neno. La kuangalia ni moja: lugha ya sauti ibadilishwe kulingana na andiko. Sauti ya Kiingereza ikipewa ukurasa wa Kiswahili hutoa maneno ambayo hata aliyeyaandika hayatambui, na nimekuta vyumba vya kompyuta ambavyo mwaka mzima hakuna aliyejua kwamba mpangilio huo unabadilika.

Nguvu kubwa ya laptopu inajibu swali langu la tatu. Mwalimu wa Historia asiyejua nukta nundu hawezi kusahihisha karatasi ya Perkins. Lazima ije kwanza kwangu niitafsiri kwa kalamu juu ya mistari ya nukta, ndipo imfikie. Zikiwa karatasi thelathini, mtoto atapata alama zake wenzake wakiwa wameshasahau jaribio lenyewe. Kwa laptopu anaandika, anachapisha, anawasilisha siku ile ile kama wengine. Nakumbuka mwanafunzi wa kidato cha pili aliyepokea insha yake ikiwa na wino mwekundu wa mwalimu wa somo kwa mara ya kwanza. Akaniomba nimsomee kila alama, hata mistari iliyopigwa chini ya maneno aliyokosea. Alikuwa anafurahia kusahihishwa kama wenzake.

Lakini laptopu haianzi na NVDA, inaanza na vidole. Kwenye kibodi, herufi F na J zina vinundu viwili vidogo ambavyo wengi wanaoona hawajawahi kuvigundua. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, na kutoka hapo mtoto hujifunza kufika kila herufi bila kupapasa. Hiyo ni kazi ya miezi mitatu hadi sita ya mazoezi ya kila siku. Ukimpa laptopu bila mtu wa kumfundisha hayo, umempa redio ya gharama.

Na kuna tatizo la vitabu. Kisoma skrini husoma maandishi; hakisomi picha. Nukuu zilizopigwa picha kwa simu na kutumwa kwenye kundi la darasa, au kitabu kilichoskaniwa kikawa PDF ya picha, kwa NVDA ni ukurasa mtupu. Mwanafunzi anafungua faili, anasikia kimya. Ipo njia ya kuilazimisha kompyuta iyatambue maandishi ndani ya picha, ila matokeo hutegemea usafi wa picha, na majedwali huvurugika. Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo: ukiwa umechapa nukuu kwenye kompyuta, mpe mwanafunzi faili lenyewe badala ya picha ya karatasi. Kisheria milango imefunguka. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya iliingia mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, uliwekwa ili kitabu kiweze kugeuzwa kuwa katika umbo linalosomeka na asiyeona pasipo hakimiliki kuwa kikwazo.

Kwa bei, laptopu iliyotumika hupatikana Kariakoo kwa laki 4 au 5. Chagua yenye Windows 10 au zaidi na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Usiangalie sana skrini. Mtoto wako hataitumia, na laptopu yenye kioo chenye ufa hupungua bei sana. Angalia betri, vibonye vyote, na tundu la hedifoni. Nimewahi kuwashauri wazazi wawili wanunue za skrini mbovu na hawajajuta.

Simu

Simu ndiyo kifaa ambacho wanafunzi wenyewe wangechagua, na kwa wa chuo kikuu siwezi kubishana nao. Simu za Android huja na TalkBack, kisoma skrini chake, ndani yake. Mara nyingi unabonyeza vibonye viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde tatu hivi, inaanza kuongea. iPhone nayo ina chake, VoiceOver, tangu mwaka 2009. Sauti ya Kiswahili ya Google ni laini kuliko ile ya eSpeak. Unatelezesha kidole kwenye kioo, simu inataja kilicho chini yake, unagonga mara mbili kufungua. Kamera nayo husoma bango, noti, barua, na kwa programu ya Be My Eyes mtu asiyeona anaweza kumpigia mtu anayejitolea, akamwonesha kitu kwa video na kuuliza ni nini. Fedha za simu anazituma mwenyewe, bila kumpa mtu namba yake ya siri. Hilo la mwisho ni uhuru ambao mtu anayeona hawezi kuupima.

Kwa shule ya msingi na sekondari, hata hivyo, simu ina vikwazo viwili. Kwanza, shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na mtoto mmoja akiruhusiwa huwa anaombwa na bweni zima. Kwetu simu za kujifunzia hukaa kabatini kitengoni na kutolewa kwa saa maalumu. Pili, kuandika insha kwenye kioo ni kazi ya kuchosha. Kibodi ya Bluetooth huisaidia sana, lakini ukishaongeza kibodi na hedifoni, umekaribia bei ya laptopu ya Kariakoo. Simu ni ya kusoma, kurekodi na kuishi nayo. Kazi ndefu za shule iachie kibodi.

Kisomeo cha nukta nundu cha kielektroniki

Kinachofahamika ukanda wetu ni Orbit Reader 20. Ni kijisanduku cha kushikika kwa mkono mmoja, chenye mstari mmoja wa vyumba 20 ambavyo vijipini vyake hupanda na kushuka vyenyewe. Unasoma mstari, unabonyeza, mstari mpya unainuka chini ya vidole. Vitabu hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Yale majuzuu yaliyojaza rafu yanaingia kwenye kitu kinachofichika kiganjani. Kina vibonye vya kuandikia kama vya Perkins, na ukikiunganisha na laptopu yenye NVDA, kinachosomwa kwa sauti unakisoma pia kwa kidole. Nchini Kenya, Kilimanjaro Blind Trust Africa yenye makao Nairobi imekuwa ikivipeleka kwa wanafunzi wasioona.

Kama fedha isingekuwa tatizo, kila mwanafunzi wangu wa sekondari angekuwa nacho. Kinaunganisha vizuri vya pande mbili: tahajia ya nukta nundu na wepesi wa faili. Lakini bei yake ni dola mia kadhaa, vumbi na jasho la vidole ni adui zake, na pini zikikwama si kazi ya fundi wa simu wa mtaani. Mstari mmoja wa vyumba 20 pia haumwonyeshi mtoto umbo la ukurasa: jedwali, hesabu ya kujumlisha kwa kupanga wima, shairi lenye vina vya kati na vya mwisho. Kwa hayo bado karatasi ni bora. Ningekinunua kwa mwanafunzi anayesoma nukta nundu kwa kasi tayari. Kwa anayeanza ningesubiri.

Wenye uoni hafifu

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu kosa lake ni la watu wazima na mzigo wake ni wa watoto. Watoto wengi wanaoletwa vitengo vya wasioona wanaona. Wanaona kidogo, wanaona kwa karibu, lakini wanaona. Wengi wao huku kwetu ni watoto wenye ualbino. Kwa miaka mingi wamepewa Perkins kama wengine, na nimewakuta wakiisoma nukta nundu kwa macho, wameinama juu ya karatasi nyeupe wakitafuta vivuli vya nukta nyeupe. Mtoto anayeweza kusoma herufi za wino zikikuzwa amefundishwa kuharibu shingo yake kusoma nukta ambazo hazikutengenezwa kwa macho.

Mtoto huyu anachohitaji mara nyingi ni cha bei ndogo. Kwanza vipimo: hospitali kama CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi hupima macho ya watoto wa namna hii na kuwachagulia lenzi zinazowafaa. Lenzi ya kukuzia kwa kusomea kitabu. Darubini ndogo ya jicho moja kwa kutazama ubao. Kofia pana na kiti cha mbele, mbali na dirisha lenye jua linalompiga usoni. Kalamu nyeusi nene na daftari lenye mistari iliyokolezwa. Kiegemeo cha kuinua kitabu, ambacho fundi seremala wa kijijini anakitengeneza kwa mbao mbili. Mtihani wa taifa una karatasi za maandishi yaliyokuzwa kwa ajili yake, basi hata majaribio ya darasani yachapwe hivyo.

Na mwalimu, mtoto akileta kitabu hadi puani, mwache. Haharibu macho. Anayasogeza herufi zilipo. Nimewasikia watoto wakigombezwa kwa hilo mpaka wakaacha kusoma kabisa.

Laptopu humfaa pia, kwa kutumia kikuza skrini kilichomo ndani ya Windows, na simu humfaa sana: anaupiga ubao picha na kuivuta ikue. Kwake yeye skrini ni muhimu, kwa hiyo ule ushauri wangu wa skrini yenye ufa haumhusu. Nukta nundu nitamfundisha tu daktari akisema uoni wake unapungua mwaka hadi mwaka. Hapo tunaanza mapema, akiwa bado anaona, kabla giza halijamkuta mikono mitupu.

Basi tuchague

Mtoto asiyeona wa darasa la kwanza hadi la nne: Perkins, hata ikiwa ya kushirikiana shuleni, na sleti ya kwenda nayo nyumbani akishaijua alfabeti. Darasa la tano hadi la saba, aanze kibodi kwa saa chache kila wiki, Perkins ikibaki kuwa kalamu yake. Kidato cha kwanza, laptopu, maana sasa ana walimu wanane au tisa na wengi wao hawasomi nukta. Chuo, laptopu na simu, na kisomeo cha kielektroniki akikipata. Aliyepoteza uoni ukubwani, tayari akijua kusoma na kuandika kwa wino, ninambadilishia mpangilio: simu na laptopu kwanza ili asikatike masomo, nukta nundu taratibu pembeni. Tahajia anayo tayari kichwani.

Shule inayonunua kwa bajeti moja, ningeishauri mashine tatu zinazotunzwa kuliko sita zisizo na fundi, karatasi za mwaka mzima zinunuliwe siku ile ile, na laptopu mbili zenye NVDA ziwe mahali ambapo wanafunzi wanafika jioni.

Yule baba wa korosho nilimweleza haya yote, kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa. Fedha zake zisingetosha Perkins mpya, na binti alikuwa na nafasi kwenye mashine za kitengo kila siku ya shule. Laptopu ingemkuta hajui kuandika. Tukakubaliana: bunda la karatasi nene, sleti ya nyumbani, na fedha iliyobaki ikae benki kwa ajili ya kidato cha kwanza.

Wakati wa kuagiza, akasema niandike sleti mbili. Nikamuuliza ya pili ni ya nani.

"Yangu, mwalimu. Si umeniuliza nani atasoma anachoandika?"

Zilipofika alikuja Jumamosi, akakaa kwenye mkeka kando ya binti yake, na binti ndiye aliyeshika kidole cha baba na kukipeleka juu ya karatasi. Walianza na herufi kumi za kwanza, a hadi j, ambazo zikitanguliwa na alama ya namba ndizo pia tarakimu. Kabla ya kuondoka alikuwa ameandika, kwa kubonyeza na kukosea na kubonyeza tena, kilo za korosho alizouza mwaka ule, na binti yake akazisoma kwa sauti.